Kuirudishia Impreza WRX ya zamani nguvu zake kwa bajeti ndogo

Impreza WRX zilizoundwa kati ya 2000 na 2007, zile ambazo namba ya chasisi inaanza na GDA (au GGA kwa zile za mtindo wa wagoni), bado zinaonekana kila siku Nairobi, Dar es Salaam, Arusha na Kampala. Zilipotoka Japani zilikuwa na injini ya EJ205: silinda nne zilizolala, lita 2.0, turbo, nguvu za farasi 250. Ukiendesha moja leo na kukanyaga mafuta mlimani, mara nyingi unakuta gari zito, turbo inachelewa kuamka, na gia ya tatu haivuti. Hapo ndipo wenye magari wengi wanaanza kuulizia bei ya turbo kubwa, na hapo ndipo pesa zinapoanza kupotea. Gari hilo halina upungufu wa turbo. Limepoteza sehemu ya nguvu lilizokuwa nazo, na kuzirudisha ni rahisi mno kuliko kurundika nguvu mpya juu ya injini iliyochoka.

Kama fungu ni dogo, karibu nusu iende kwenye afya ya injini na upozaji wake, robo kwenye tairi, na inayobaki igawanywe kati ya breki, bushi na kuandika upya ramani ya kompyuta ya gari (majedwali yanayoiambia imwage petroli kiasi gani na itoe cheche lini). Fuata mpangilio huohuo. Ramani mpya kwenye injini inayovuja hewa inaua injini, na injini nzuri kwenye tairi zilizokauka haina faida kwa yeyote.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua chochote

Anza na kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Injini iwe imepata moto wa kawaida, kisha:

1. Toa fyuzi au rilei ya pampu ya mafuta, washa injini hadi ijizime yenyewe.
2. Toa betri na boksi la filta ya hewa ili mkono upite, kisha fungua koili na plagi zote nne.
3. Rudisha betri, au unganisha nyingine yenye chaji ya kutosha. Betri dhaifu inatoa vipimo vya uongo.
4. Funga geji kwenye silinda ya kwanza, kanyaga mafuta hadi mwisho, piga stata hadi mshale usimame. Andika namba. Rudia kwa zote.

Usihangaike sana na ukubwa wa namba yenyewe. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kiasi kwamba geji itasoma chini ya ile ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, hata injini ikiwa nzima kabisa. Linganisha silinda kwa silinda. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 hadi 15 kati ya ya juu na ya chini ni onyo la kutosha kusimamisha mipango yote. Mafundi wengi humwaga kijiko cha oili ndani ya silinda na kupima tena, wajue kama tatizo ni ringi au valvu. Kwenye Subaru usitegemee sana jibu hilo: silinda zimelala, kwa hiyo oili inakaa upande wa chini na haizungushi ringi yote. Kipimo cha kusukuma hewa ndani ya silinda na kusikiliza inapotokea ndicho cha kuaminika. Hewa ikitoka kwenye ekzosi, ni valvu. Ikitoka kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Mapovu kwenye rejeta yanaonyesha gasketi ya silinda hedi.

Kipimo cha pili ni uvujaji wa hewa ya turbo, na hiki ndicho kinachorudisha nguvu nyingi kwa pesa ndogo kuliko chochote kingine kwenye gari hili. Sensa ya hewa inapima kila gramu inayoingia. Hewa ikitoroka baada ya turbo, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya hewa ambayo haipo. Matokeo yake ni moshi mweusi, ulaji mkubwa wa mafuta na mvuto hafifu. Kifaa cha kupimia unaweza kukitengeneza: kifuniko cha bomba la plastiki kinachoenea mdomo wa turbo, kipande cha mpira, klipu mbili, na valvu ya tairi iliyopachikwa kwenye kifuniko.

1. Fungua mpira wa kuingiza hewa kwenye mdomo wa turbo, funga kifaa chako hapo.
2. Ingiza hewa taratibu hadi bar 0.7. Usipite bar 1.
3. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila maungio: mpira kati ya intakula na throtoli, pande mbili za intakula yenyewe (ni kile kipoza hewa kilicholala juu ya injini), gasketi ya valvu ya kupumulia turbo, na mipira midogo yote ya vakyumu.
4. Presha ikishuka polepole bila povu popote, usiogope. Kiasi kidogo hupita kwenye valvu za injini zilizokaa wazi.

Mpira mmoja haupimiki kwa njia hii: ule mkubwa unaopita chini ya manifoldi ya kuingizia hewa kupeleka hewa kwenye turbo. Kwa sababu uko kabla ya turbo, lazima uukague kwa macho na vidole, kwa tochi. Baada ya miaka 20 ya joto huwa umekauka na kupasuka upande wa chini usioonekana. Hewa inayoingia hapo haikupimwa na sensa, kwa hiyo mchanganyiko unakosa petroli, na hiyo ni hatari kuliko moshi mweusi.

Hatua ya 2: Huduma ya kweli ya injini

Oili kwanza, kwa sababu EJ205 nyingi hufa kwa beringi za konrodi zilizokosa oili. Tumia 5W-40 au 10W-40 nzuri, badilisha kila kilomita 5,000, na pima kila unapojaza petroli mara mbili. Inaingia kiasi cha lita 4 hadi 4.5 pamoja na filta; mimina 4, washa, zima, subiri, kisha ongeza ukifuata kijiti.

Kuna ajali inayotokea mara kwa mara gereji kwa wasioizoea Subaru. Giaboksi nayo ina nati yake ya kumwagia, nyuma kidogo tu ya ile ya injini. Fundi anafungua ile ya giaboksi akidhani ni ya injini, kisha anajaza oili mpya kwenye injini ambayo haikumwagwa. Gari linatoka na giaboksi kavu na injini iliyojaa kupita kiasi. Nati ya injini iko kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kichwa chake ni cha spana 17. Ukiona oili nzito, yenye harufu kali ya kiberiti, umefungua isiyo yenyewe: simama hapohapo. Sampu ikifunguliwa kwa sababu yoyote, kagua paipu ya kufyonzea oili. Kwenye injini hizi huota ufa kwenye sehemu iliyounganishwa, na ufa huo unavuta hewa badala ya oili.

Plagi ni NGK PFR6G, nafasi ya milimita 0.7 hadi 0.8. Zifunge wakati injini ni baridi, kwa nguvu ya Nm 21, kwa mkono na si kwa mashine, kwani uzi wa aluminiamu ukikatika gharama inazidi plagi zenyewe mara nyingi. Plagi bandia zimejaa sokoni. Dukani, linganisha maandishi ya kisanduku na yale ya kwenye plagi, na uangalie ncha ya kati: ya platinamu ni nyembamba kuliko ya plagi ya kawaida.

Mkanda wa taimingi ndio usiostahili kusubiri. Kwenye injini hii valvu na pistoni zinagongana mkanda ukikatika au kuruka meno. Kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa. Kama unajua, muda wake ni kilomita 100,000. Nunua seti nzima: mkanda, tenshona (kikaza mkanda), roli zote pamoja na ile yenye meno, na wotapampu. Mara nyingi mkanda wenyewe huwa bado mzima, roli moja inakwama na kuukata. Kwa hiyo kubadilisha mkanda peke yake ili kuokoa pesa ni kuacha chanzo cha ajali palepale. Roli nzuri ikizungushwa kwa kidole inazunguka kwa uzito kidogo na bila sauti. Inayolia au kuzunguka bure kama gurudumu la baiskeli imekauka grisi.

Badilisha filta ya petroli, na safisha sensa ya hewa kwa spreyi maalumu ya sensa. Usiguse waya wake kwa kitambaa, na usitumie spreyi ya kabureta.

Kisha tazama bomba linalopanda kutoka manifoldi ya ekzosi hadi turbo. Magari mengi ya GDA yana katalisti (kisafisha moshi) ndogo ndani ya bomba hilo. Ikizeeka inamomonyoka, na kwa kuwa iko kabla ya turbo, vipande vinaingia moja kwa moja kwenye propela yake. Bomba lisilo na katalisti, kama lile la STI (toleo la Impreza lenye nguvu zaidi), linapatikana kwa wauza vipuri vilivyotumika vya Japani: Grogan mjini Nairobi, Ilala na Kariakoo mjini Dar, Kisekka mjini Kampala. Nunua na gasketi mpya za chuma pande zote. Kama bomba lako la zamani lina sensa ya joto, ihamishie kwenye jipya, la sivyo taa ya injini itawaka. Katalisti kubwa ya chini ya turbo iache.

Hatua ya 3: Upozaji

Kwenye foleni ya Dar au Mombasa mchana, kipoza hewa kilicho juu ya injini kinafyonza joto na hewa inaingia ya moto. Ndiyo maana gari linavuta vizuri alfajiri na kuchoka saa nane. Huhitaji kipoza kikubwa. Hakikisha raba inayokizunguka chini ya boneti ipo na inaziba, ili hewa ya tundu la boneti ipite ndani yake badala ya pembeni. Mapezi yaliyolala yanyooshe kwa kitu chembamba, na grisi na vumbi uvioshe kwa sabuni.

Rejeta ijazwe kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, jumla karibu lita 7 hadi 8. Maji ya bomba yanakula aluminiamu ya silinda hedi kwa ndani. Gari hili lina vifuniko viwili vya presha, kimoja kwenye rejeta na kimoja kwenye tanki dogo la juu karibu na turbo, na havilingani. Usivibadilishane. Vikibadilishwa, kulanti inatoroka mahali pasipotakiwa na hewa inabaki ndani, kisha gari linapandisha joto na kila mtu analaumu gasketi. Jaza kupitia tanki la juu, polepole, skrubu ya kutolea hewa kwenye rejeta ikiwa imelegezwa. Funga skrubu maji yakitoka bila mapovu. Washa hadi feni zifanye kazi mara mbili, zima, acha ipoe kabisa, ongeza.

Hatua ya 4: Tairi na breki

Hapa ndipo dereva anaposikia tofauti siku hiyohiyo. Fuata ukubwa ulioandikwa kwenye stika ya mlango wa dereva. Rimu ni za nati 5x100, tundu la kati milimita 56.1, uzi wa nati M12x1.25. Magurudumu yote manne yanaendeshwa, kwa hiyo tairi zote nne ziwe za aina moja na zimelika sawa. Mzunguko ukitofautiana zaidi ya milimita 6 hivi, difu ya kati inazungushwa muda wote, inapata joto na kufa. Tairi mbili mpya mbele na mbili kuukuu nyuma ni akiba ya uongo kwenye Subaru. Soma pia tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba ya miaka 9 yenye kashata nene bado ni ngumu kama ubao na haishiki lami yenye maji. Funga nati kwa Nm 90, gari likiwa chini.

Breki hazihitaji kalipa mpya. Zinahitaji maji mapya ya DOT 4, pedi nzuri na pini za kalipa zilizosafishwa na kupakwa grisi ya silikoni. Maji ya breki yanafyonza unyevu: DOT 4 mpya haichemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini iliyojaa unyevu inaweza kuchemka kwenye 155, na ukishuka mteremko mrefu kama ule wa Mai Mahiu pedali inazama hadi sakafuni. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na nyingine. Toa hewa kwa mpangilio huu: mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia. Pedi mpya zizoeze: kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 20, mara nane hadi kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe. Ukisimama na kushikilia pedali zikiwa za moto, pedi inaacha alama kwenye diski na usukani unaanza kutetemeka.

Hatua ya 5: Miguu ya gari

Badilisha bushi za mikono ya mbele, boljointi, na link za stebilaiza (fito inayozuia gari kulala kwenye kona) kabla ya kufikiria shokapu za kurekebishwa. Shokapu zinazovuja lazima zitoke, ndiyo, lakini shokapu mpya juu ya bushi zilizooza hazitaleta kitu. Kama unaongeza kitu kimoja, kiwe stebilaiza ya nyuma ya milimita 22, kwani WRX kwa asili inasukuma pua nje ya kona. Alaimenti: kemba (mlalo wa gurudumu ukilitazama kwa mbele) ya mbele nyuzi hasi 1 hadi hasi 1.5, tou (gurudumu kuelekea ndani au nje ukilitazama kwa juu) sifuri mbele na nyuma. Boliti ya juu ya shokapu ya mbele ndiyo yenye marekebisho. Kushusha gari zaidi ya milimita 25 kwenye barabara zetu za matuta kunamaliza sampu na eksili, na usishushe kwa kukata springi.

Giaboksi ya gia tano ichukue lita 3.5 za 75W-90 GL-5, ambazo pia zinalainisha difu ya mbele. Difu ya nyuma ni lita 0.8. Bushi za mkono wa gia ni rahisi na zinafanya gia ziingie kama mpya. Giaboksi hii haipendi kuachiwa klachi ghafla injini ikiwa juu. Meno ya gia yanakatika, na hakuna oili inayoweza kuzuia hilo.

Vitu vya kuacha dukani

Filta ya koni iliyo wazi inavuta hewa ya moto ya injini, na inabadilisha mtiririko mbele ya sensa ya hewa, kwa hiyo kompyuta inahesabu vibaya. Boksi la asili lenye filta mpya linatosha kabisa kwa nguvu hizi. Valvu ya kupumulia nje, ile yenye mlio, inamwaga hewa ambayo tayari imeshapimwa. Kila unapobadilisha gia petroli inazidi. Chupa za kuongeza oktani (uwezo wa petroli kutolipuka yenyewe) zinazotangaza "pointi 3" kwa kawaida zina maana ya 0.3. Na bomba kubwa la chini ya turbo bila ramani mpya linafanya presha ya turbo ipande bila kudhibitiwa, hadi kompyuta ikate mafuta au pistoni ikubali kushindwa.

Hatua ya 6: Ramani ya kompyuta

Hili linaonekana kama anasa, lakini kwa magari ya Japani yaliyoko kwetu ni tiba. Ramani ya kiwandani iliandikwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100. Super ya vituo vyetu haifiki hapo. Injini inapata noki, yaani baada ya cheche, petroli iliyobaki kulipuka yenyewe kabla moto haujaifikia, na kompyuta inajilinda kwa kurudisha cheche nyuma. Gari linabaki hai, lakini bila mvuto. Ramani iliyoandikwa kwa petroli unayotumia inarudisha sehemu kubwa ya mvuto huo bila kugusa hata nati moja.

Kompyuta za GDA nyingi zinasomeka kwa kebo ya Tactrix OpenPort 2.0, kompyuta mpakato, na programu za bure: RomRaider kwa kurekodi na kuhariri, EcuFlash kwa kuandika. Hata kama kazi ya kuandika utampa fundi, rekodi mwenyewe kwanza. Tafuta barabara iliyofungwa au uwanja wa mashindano, ukiwa na mtu wa kushika kompyuta, vuta gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500 hadi 6,500, na tazama haya:

- IAM, yaani kipimo cha kiasi ambacho kompyuta inathubutu kuwahisha cheche. Kwenye kompyuta za 16-biti inakwenda 0 hadi 16, kwenye za baadaye 0 hadi 1. Ikiwa juu kabisa, kompyuta inaiamini petroli. Ikishuka, kuna noki au sensa inasikia kelele ya kitu kinachogonga.
- Marekebisho ya noki, yaani nyuzi ambazo cheche imerudishwa nyuma. Hasi 1 au 2 mara moja moja si neno. Hasi 4 inayorudi mahali palepale ni tatizo.
- Mafunzo ya mchanganyiko, yaani petroli ambayo kompyuta imejifunza kuongeza au kupunguza. Yakizidi asilimia 8 chanya, hewa isiyopimwa inaingia mahali: rudi kwenye ule mpira wa chini ya manifoldi.
- Presha ya turbo, ikipanda bila kuruka.

Fundi anayeandika ramani lazima awe na kipimo cha mchanganyiko kilichofungwa kwenye ekzosi. Asiyenacho, usimpe gari, hata awe na jina kubwa kiasi gani. Mchanganyiko chini ya presha kamili uwe karibu 11 kwa 1, na turbo isivuke bar 1.0 kwa petroli ya kituo. Ukiishi mwinuko wa Nairobi au Eldoret, kubali pungufu ya hapo. Hewa ni nyepesi, turbo inazunguka kwa kasi zaidi kufikia presha ileile, inapata joto zaidi na inachakaa mapema.

Baada ya wiki mbili na matangi mawili ya petroli kutoka vituo tofauti, rekodi tena gia ya tatu na ya nne. IAM ikiwa bado juu na noki haionekani, ramani imekaa. Ikishuka kwenye tangi moja tu, badilisha kituo. Ikishuka kwenye yote mawili, mrudishie fundi aondoe nyuzi mbili za cheche mahali inapogonga, na usikanyage hadi mwisho mpaka awe amemaliza.